Jipu Lisilo na Moto: Tuliyojifunza kwa Kumlea Mtoto Mwenye Maradhi ya Ayyub

Ndugu zetu wazazi, nanyi vijana wetu wanafunzi, tunawaandikia kutoka Maliba, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Sisi ni mume na mke, na Allaah ametujaalia watoto wanne. Wa tatu, mvulana aliyezaliwa mwaka 2014, ana maradhi ya kuzaliwa nayo ambayo watu wengi hapa kwetu hawajawahi kuyasikia. Jina lake hatutalitaja, kwani ni haki yake akikua ajisimulie mwenyewe au anyamaze. Hata hivyo tumeshauriana naye, naye ameridhia tuwaeleze habari ya maradhi yenyewe.

Hatuandiki ili tuonewe huruma. Tunaandika kwa sababu huenda katika kijiji chenu, au katika darasa lenu la madrasa, yupo mtoto ambaye majipu hayamwishi, na kila mtu ana maneno yake juu yake. Mtoto huyo anahitaji macho yenu kuliko maneno yenu. Sababu yake tutaieleza, inshaAllaah.

Maradhi haya ni yepi?

Siku chache baada ya kuzaliwa, mtoto wetu alitoka vipele vyenye usaha usoni na kichwani. Vilipokauka, ngozi ilibaki na ukurutu unaowasha usiku na mchana. Kisha yakaja majipu: shingoni, makwapani, kichwani. Kila baada ya miezi michache akapata nimonia. Kila tulipokwenda kutibiwa, tatizo la siku hiyo lilitibiwa vizuri na tukarudi nyumbani. Hapa kwetu kumbukumbu za mgonjwa huandikwa katika daftari la kawaida la shule, na yeye alikuwa amejaza madaftari matatu kabla hajatimiza miaka mitano.

Madaftari hayo ndiyo yaliyotusaidia. Mwaka 2019 daktari mmoja wa watoto aliyasoma yote matatu kwa mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akauliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Majipu haya huwa ya moto?" Tukamjibu kwamba hapana. Hata jipu kubwa kama yai, ukiligusa ni kama ngozi ya kawaida. Mtoto halii wala hachemki homa. Daktari akasema hilo ndilo alilokuwa akilitafuta.

Damu ilipelekwa Kampala kupimwa kingamwili iitwayo IgE. Kwa watu wengi wazima kiwango chake hakizidi 100 hivi. Kwa wenye maradhi haya aghalabu hupita 2000, na kwa mtoto wetu kilipita mbali. Hata hivyo daktari alitutahadharisha kwamba katika nchi zetu kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwani minyoo na ukurutu wa kawaida pia hukipandisha. Ndiyo maana alikwisha kumpa dawa ya minyoo kabla ya kupima, na ndiyo maana aliyakusanya yote pamoja: vipele vya utotoni, majipu baridi, nimonia za kurudiarudia, na mkono uliovunjika kwa kuanguka kidogo tu. Baadaye likaongezeka jambo la meno. Wenzake walipong'oa meno ya utotoni, ya kwake yaligoma, na ya ukubwani yakaota nyuma yake. Nalo pia ni katika alama za maradhi haya. Uhakika wa mwisho huletwa na kipimo cha jeni, ambacho sisi hatujakifanya, lakini daktari alisema matibabu hayangoji kipimo hicho.

Ni maradhi adimu. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika milioni moja, au pungufu ya hapo. Uganda ilihesabiwa kuwa na watu milioni 45.9 katika sensa ya mwaka 2024, kwa hiyo nchi nzima huenda wapo makumi tu ya watu kama mtoto wetu, na wengi wao bila shaka hawajui walicho nacho.

Kwa nini jipu halina moto?

Wanafunzi watapenda sehemu hii. Mtu wa kawaida bakteria wakiingia chini ya ngozi yake, mwili hupiga kelele. Damu hukimbilia pale, pakawa pekundu, pakavimba, pakapata moto, pakauma. Maumivu yale ni rehema, kwa sababu ndiyo yanayokufanya umwambie mama, na mama akupeleke hospitali.

Ndani ya chembe za mwili kuna protini iitwayo STAT3, kazi yake ni kama tarishi anayepeleka amri. Amri mojawapo ni ya kuandaa aina ya askari wa kinga ambao huiambia ngozi na mapafu yaite msaada. Kwa mtoto wetu tarishi huyu ni mbovu. Amri haifiki, msaada hauitwi kwa wakati, na bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye hukaa puani mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru, hujijengea makao kwake kimyakimya.

Ajabu ni kwamba wakati upande huu wa kinga umelala, upande mwingine unawaka bila sababu. Ile IgE inafurika, ngozi inawasha na kuvimba mwaka mzima. Watu humwona anajikuna, wakadhani tatizo ni ngozi chafu. Kumbe panapoonekana moto si penye hatari kubwa, na penye hatari kubwa hapaonekani moto. Jipu likiwa baridi haimaanishi kwamba ni dogo. Nimonia bila homa kali inaweza kuacha matundu katika mapafu, na matundu hayo baadaye yakawa makazi ya kuvu.

Basi shikeni neno hili moja, ndugu zetu: mwili wa mtoto huyu hauwezi kupiga kelele. Lazima watu wanaomzunguka wawe ndio kelele yake.

Jina la Nabii Ayyub

Mwaka 1966 madaktari watatu wa Seattle, Marekani, nao ni Davis, Schaller na Wedgwood, waliandika katika jarida la Lancet habari za wasichana wawili wenye nywele nyekundu waliokuwa na ukurutu na majipu baridi tangu utotoni. Waliyaita maradhi hayo kwa jina la Ayubu, kwa sababu katika Biblia imesimuliwa kwamba alipatwa na majipu tangu nyayo hadi utosini. Mwaka 1972 Rebecca Buckley na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa hawa wana IgE nyingi mno. Ikapita miaka 35 mpaka mwaka 2007, watafiti wa Japani na wa Marekani walipoigundua kasoro ya STAT3. Mwaka 2009 ikagunduliwa kasoro nyingine, ya jeni iitwayo DOCK8, inayoleta maradhi ya jamaa na haya.

Sisi Waislamu tunamtambua Ayyub ('alayhis-salaam) kuwa ni Nabii. Qur-aan Tukufu inamtaja katika Suratul-Anbiyaa na Suratu Swaad, kwamba alifikwa na dhara akamlilia Mola wake. Haikutaja majipu, na wanachuoni wengi wamezikataa zile simulizi za kutisha kuhusu mwili wake. Kwa hiyo jina hili ni la madaktari, tusilifanye kuwa tafsiri.

Lakini tulipolisikia kwa mara ya kwanza lilitugusa sana, kwa sababu hapa kijijini tulikuwa tukiambiwa "subirini kama Ayyub" kwa maana ya kaeni nyumbani mkae kimya. Hebu tukitazame kisa chenyewe. Nabii Ayyub aliomba. Kisha akaamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, na maji yakatoka ya kuoga na ya kunywa. Mtu aliyedhoofika kwa maradhi ameamrishwa kufanya jambo kwa mguu wake mwenyewe! Na mkewe, kama walivyosimulia wafasiri, hakumtupa. Basi subira yao haikuwa ya kukaa bure, na sisi tulifahamu kwamba kupanda bodaboda alfajiri na mtoto mgongoni kwenda hospitali nako ni katika subira.

Mambo matatu tuliyoambiwa

La kwanza ni uchawi. Tuliambiwa mtoto amelogwa, apelekwe achanjwe chale na kupakwa dawa. Kwa mtoto wa namna hii kila chale ni mlango uliofunguliwa kwa bakteria. Daktari alitwambia waziwazi: asichanjwe, majipu yake yasiminywe nyumbani, na jambo lolote la kisu, hata tohara, lifanyike hospitali kwa daktari anayeyajua maradhi yake.

La pili ni UKIMWI. Mtoto wetu hunywa Septrini kila siku ili kuzuia majipu na nimonia. Katika Uganda watu wote wanaijua Septrini kuwa ni dawa wanayopewa wenye virusi vya UKIMWI kila siku. Jirani aliona kopo la dawa, na kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imefika msikitini. Mtoto alikwisha kupimwa mara kadhaa na hana virusi. Lakini hatukupenda kupita nyumba kwa nyumba tukijitetea, kwani kufanya hivyo kungekuwa kama kusema kwamba wenye virusi wanastahili kusengenywa. Nao ni ndugu zetu, na baadhi yao ndio waliotufundisha namna ya kutosahau dawa.

La tatu ni magonjwa ya mlipuko. Sisi ni watu wa mpakani. Bibi yake mtoto anaishi Bwera, karibu na kivuko cha Mpondwe cha kwenda Kongo. Juni 2019 Ebola ilivuka hapo. Julai 2024 wagonjwa wa kwanza wa mpox katika Uganda walipatikana katika wilaya yetu hii ya Kasese, upande huohuo wa Mpondwe, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Wiki zile mtoto wetu alikuwa kwa bibi yake, na usoni ana vipele. Watu walikimbia kutoka barazani. Wahudumu wa afya walimtenga wakachukua sampuli, na majibu yakaonyesha hana mpox. Hao hatuwalaumu hata kidogo, walifanya kazi yao kwa heshima. Kilichobaki ni kwamba hata baada ya majibu, baadhi ya watoto hawakukubali tena kula naye sahani moja.

Siku ya doa kwenye kanzu

Habari zilirudi naye Maliba. Katika madrasa anayosoma alihamishwa akakaa nyuma peke yake, mkeka wake mbali na wenzake. Hakutuambia. Alianza kuvaa kanzu ya mikono mirefu hata siku za jua kali, na tulipomuuliza kama yuko salama alijibu, "Alhamdulillaah, baba. Alhamdulillaah, mama." Na kwa kuwa jipu lake haliumi, mtoto huyu anaweza kulificha akacheza mpira siku nzima.

Wiki ya tatu mama yake alikuwa anafua, akaona doa la usaha upande wa kwapa. Chini yake palikuwa na jipu lililokwisha kuingia ndani sana. Usiku uleule tulikodi gari. Alipasuliwa, akakaa wodini siku kumi na nne akitiwa dawa kwenye mshipa, na siku mbili za mwanzo daktari hakutuahidi kitu. Allaah akampa uhai.

Alipopata nafuu tulimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema: "Nikionekana nalo, sitakaa mbele tena."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipoona kwamba kutengwa kunaweza kumuua mtoto kama huyu, na si kwa njia ya mfano. Mwili wake haupigi kelele. Zimebaki kelele za watu, yaani mama, kaka, mwalimu, mwenzake wa dawati anayesema "una kitu shingoni." Ukimfanya aone aibu, umeizima kelele ya mwisho aliyokuwa nayo.

Ustadhi wake alipopata habari alikuja mwenyewe nyumbani. Tulimsomea barua ya daktari. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba tumwandikie dalili za kuangalia. Tangu wiki iliyofuata mtoto anakaa mstari wa mbele, karibu na mwalimu, na kila siku kabla ya darasa ustadhi humuuliza faraghani, "Leo vipi?" Swali hilo la maneno mawili limekwisha kutuwahishia majipu mawili yakiwa bado madogo. Allaah amlipe kheri.

Tunavyomhudumia

Maradhi haya hayajapata dawa ya kuyaondoa kabisa inayofikika na watu kama sisi. Katika nchi za mbali baadhi ya wagonjwa, hasa wale wa DOCK8, hupandikizwa uboho. Wengi wa aina ya mtoto wetu huishi kwa kuzuia, na wapo waliofika utu uzima wakaoa na kuzaa. Nyumbani kwetu utaratibu ni huu:

1. Septrini kila siku. Machi 2020 usafiri ulifungwa kwa sababu ya korona, na Mei mwaka huohuo mito ya Nyamwamba na Mubuku ikafurika, barabara zikakatika. Tangu hapo tunaweka akiba ya dawa ya mwezi mmoja.

2. Kuoga kwa maji yenye Jik kidogo sana, mara mbili kwa wiki, ili kupunguza bakteria kwenye ngozi. Kipimo kilitoka kwa daktari. Tafadhali msijipimie, kwani ikizidi huunguza.

3. Mafuta mazito ya kulainisha ngozi mara tu baada ya kuoga, ili isipasuke.

4. Kumkagua mwili mzima kila Alhamisi jioni, anapojiandaa kwa Ijumaa. Sasa amekua, kwa hiyo baba yake ndiye anayemkagua, kwa kulinda sitara yake.

5. Jipu lolote, hata lisipouma, na kikohozi chochote kinachozidi siku mbili, ni hospitali pamoja na madaftari.

6. Kidonda hufunikwa, na kila anayekigusa huosha mikono. Maradhi yenyewe hayaambukizi, lakini usaha ni usaha, wa mtu yeyote.

Kuhusu twahara, sheria yetu ina wepesi: mwenye bendeji ana njia ya kupangusa juu yake, na asiyeweza maji ana tayammamu. Waulizeni mashekhe wenu, wala mtoto asisumbuliwe kwa jambo ambalo Allaah amelifanyia wepesi.

Ni damu ya nani?

Swali hili wanawake huulizwa zaidi, na huulizwa vibaya. Jibu la kitabibu ni kwamba kasoro ya STAT3 mara nyingi huanza upya kwa mtoto mwenyewe, baba na mama wakiwa hawana. Haitokani na chakula alichokula mama, wala laana ya ukoo. Mtoto akikua, kila mtoto atakayemzaa atakuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, naye ataelezwa hilo wakati wake.

Ile ya DOCK8 iko tofauti. Humpata mtoto ikiwa baba na mama wote wawili wameibeba bila kuugua, na kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne. Ndiyo maana huonekana zaidi pale ndugu wa damu wanapooana kizazi baada ya kizazi. Sisi Wakonzo hatuoani ndani ya ukoo mmoja, lakini wasomaji wetu wa pwani na wa Ghuba wanajua ndoa za binamu zilivyo za kawaida kwao. Ndoa hizo ni halali na hatuna la kuzisemea. Tunachosema ni kwamba familia iliyokwisha kuzika watoto wachanga wawili au watatu kwa majipu na nimonia, ione daktari kabla ya posa nyingine.

Ombi letu

Enyi wazazi, mtoto wenu akiwa na ukurutu tangu kuzaliwa, majipu ya mara kwa mara, na nimonia zaidi ya moja kwa mwaka, yakusanyeni madaftari yote na kumwomba daktari ayasome kwa pamoja. Wengi wa watoto hao watakutwa na jambo jepesi zaidi, alhamdulillaah. Wachache watakutwa na hili, na kwao kila mwezi una thamani.

Enyi walimu wa madrasa na wa shule, mtoto mwenye ngozi ya namna hiyo mkalisheni mahali mnapomwona.

Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu ana kitu shingoni, msimcheke na msimkimbie. Mwambieni taratibu, kisha mwambieni mkubwa.

Tunamwomba Allaah awaponye wagonjwa wetu wote, awape nguvu wanaowauguza, na ajaalie majirani zao wawe rehema kwao. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.

Baba na Mama, Maliba